Nani analipia bwawa?

Mimi na dada yangu mkubwa tunatafuta fleti ya kununua kwa ubia huko Dubai. Yeye anafanya kazi kulekule, kwa hiyo ndiye anayezunguka kuona majengo. Mimi niko Mombasa na daftari. Kiasi tunachoweza kutoa tulishakubaliana zamani. Ada ya usajili, asilimia 4 ya bei, tunaijua, na ya dalali pia. Kinachotuchelewesha ni ule mstari wa chini kabisa ambao madalali huupitia haraka kama hawataki usikike: ada ya huduma ya jengo, ya kila mwaka, isiyo na mwisho.

Mama alipoisikia aliweka kikombe chini. "Nyumba umenunua, pesa umetoa, kisha ulipe kodi tena? Kwa nani?"

Nikamkumbusha nyumba ya babu, Majengo. Babu aliijenga mwenyewe, lakini ardhi ilikuwa ya mtu, na kodi ya kiwanja ililipwa hadi alipofariki. Mombasa imejaa nyumba za namna hiyo: kuta zako, chini si kwako. Fleti ya ghorofani ni hivyohivyo. Vyumba ni vyako, lakini ngazi, paa, mabomba na mlango wa kuingilia ni vya wote, na wote mnavilipia.

Mama akafikiri kidogo. "Lakini babu yako hakulipia bwawa la kuogelea."

Hapo sikuwa na jibu, na tangu siku ile hesabu zangu zote zinazunguka bwawa.

Dubai ada hii hutozwa kwa futi ya mraba. Unachukua ukubwa wa fleti ulioandikwa kwenye hati, unazidisha kwa kiwango cha jengo lile, unapata dirham za mwaka mzima. Ndani yake mna walinzi, usafi, lifti, umeme wa korido, bima ya jengo, malipo ya kampuni inayosimamia, na fungu linalowekwa akiba kwa matengenezo makubwa. Kampuni haijipangii kiwango itakavyo. Bajeti ya kila jengo hupitiwa na RERA, mamlaka inayosimamia mali isiyohamishika chini ya Idara ya Ardhi ya Dubai, na malipo hupitia mfumo wao uitwao Mollak. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Idara ya Ardhi imeweka viwango hivyo mtandaoni. Unatafuta jina la mradi, unaona wenyewe wanatozwa ngapi. Dalali akikwambia "ada ni ndogo tu", humalizi dakika kujua kama ndogo yake na yako ni moja.

Zimebaki fleti mbili mezani. Ya kwanza iko International City, ile mitaa iliyopewa majina ya nchi, Ufaransa hapa, Morocco pale. Ni jengo fupi, la zamani kidogo, halina bwawa wala ukumbi wa mazoezi. Futi za mraba 700, kiwango dirham 10, kwa hiyo 7,000 kwa mwaka. Kodi tunayotarajia kutoka kwa mpangaji ni 58,000 kwa mwaka. Ya pili iko kwenye mnara mpya unaong'aa, bwawa juu ya paa, mapokezi ya marumaru. Futi 640 tu, lakini kiwango ni dirham 20. Hiyo ni 12,800. Kodi yake ingefika 68,000.

Asilimia hazinisemeshi kitu usiku nikiwa nimechoka, kwa hiyo niligeuza zote kuwa wiki. Katika jengo la kwanza, ada inakula kodi ya wiki sita na kitu. Katika mnara, karibu wiki kumi. Yaani mpangaji wetu wa mnarani anaingia Januari, na mpaka tunakaribia katikati ya Machi bado anamlipa mtu wa kusafisha bwawa. Na bei ya kununulia mnarani ni kubwa zaidi, hilo hata sijaliingiza.

Dada ananiona mchoyo. Anasema wapangaji wa siku hizi wanataka bwawa, bila bwawa fleti inakaa wazi. Huenda. Lakini wafanyakazi wenzake anaoniambia wanahama, wanahamia kwenye kodi nafuu na usafiri wa karibu, na sijamsikia hata mmoja akihamia bwawa.

Kuna jambo moja ambalo yeye, anayelipwa kwa dirham, halioni vizuri kama mimi. Dirham imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Haitikisiki. Inayotikisika ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi 129 hivi. Kwa ile ada ya 12,800, bei ya Januari ni kama shilingi 557,000, ya baadaye kama 449,000. Zaidi ya laki moja imepanda na kushuka, na huko Dubai hakuna aliyeongeza hata senti. Fleti ikiwa na mpangaji hilo halinisumbui, dirham zinalipa dirham. Ikikaa tupu, ada haingoji, inakuja mfukoni kwangu kwa shilingi. Ndiyo maana nimeweka sharti: kabla ya kusaini chochote, ada ya mwaka mzima iwe imeshakaa benki ya dada, kwa dirham, na isiguswe kwa harusi ya mtu.

Sharti hilo linajumuisha ubaridi pia. Kuna majengo ambayo viyoyozi vinapata baridi kwa mabomba kutoka kituo kimoja kinachohudumia mtaa mzima, na mbali na matumizi kuna malipo yasiyobadilika yanayodaiwa hata kama hakuna mtu ndani. Pengine yamo kwenye ada, pengine yako kando. Mnarani yako kando. Dalali alikuwa amesahau, masikini.

Alichokumbuka kutuambia ni kwamba mnara ni mpya, kwa hiyo "hakuna matengenezo". Nilikwenda kusoma Sheria namba 6 ya 2019, ya majengo yenye umiliki wa pamoja. Aliyejenga anawajibika miaka 10 kwa kasoro za muundo wa jengo, nguzo na kuta. Kwa mitambo na mifumo ya umeme na maji ni mwaka mmoja. Mwaka wa pili pampu ikifa, imekufa mikononi mwa wamiliki. Jengo la zamani angalau lina historia unayoweza kuiuliza. Nimemwomba dada aulize jengo la International City lilikuwaje siku ya mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, ile iliyovunja rekodi ya nchi tangu vipimo vianze 1949: maji yaliingia wapi, lifti zilisimama siku ngapi, na pesa za kutengeneza zilitoka kwenye akiba au wamiliki walichangishwa upya. Mlinzi wa mlangoni alimjibu vizuri kuliko ofisi.

Sheria hiyohiyo haina mchezo na asiyelipa. Unapewa notisi ya siku 30, kisha faili linakwenda kwa hakimu wa utekelezaji, na mwisho wake fleti yenyewe inaweza kupigwa mnada. Deni linaishikilia fleti, ndiyo maana mauzo hayapiti bila barua inayoonyesha kwamba muuzaji hadaiwi.

Na hapo ndipo tulipo usiku huu. Dada ametuma ujumbe wa sauti: mwenye fleti ya International City anadaiwa ada ya robo mbili za mwaka, na dalali anataka tuweke amana kwanza, deni "litamalizwa siku ya kuandikishana". Nimemjibu kwamba tunaweza kukata deni hilo kwenye bei, au alipe mwenyewe, lakini amana haitoki kabla sijaona taarifa ya hesabu kutoka kwa kampuni ya jengo. Dada akasema, "Mdogo wangu, dalali amekasirika." Akasirike.