Peugeot 504 ya mjomba: mlima wa Mazeras na gari lililotundikiwa dripu

Jumamosi iliyopita, kabla jua halijapanda vizuri, Peugeot 504 ya mjomba ilipanda mlima wa Mazeras, nje kidogo ya Mombasa, kwa gia ya tatu bila kukohoa, ikageuka palipokuwa na nafasi, ikarudi Tudor kwa nguvu zake yenyewe. Kwa mtu asiyelijua gari hili, hiyo ni safari fupi ya asubuhi. Kwangu mimi ni mwisho wa miezi mitatu ambayo gari lilikuwa likifika nusu ya mlima huo na kuzima, mbele ya foleni ya malori yanayokwenda bara, huku utingo mmoja aliyekwisha kunizoea akiniuliza kutoka juu ya mzigo kama leo nimekuja na chai.

Kwa ambao hawakufuatilia tangu mwanzo, hii ni ile 504 ndefu yenye safu tatu za viti, springi nne nyuma na mkono wa gia ulio kwenye usukani. Mjomba aliiendesha kwa kazi ya abiria kati ya Mombasa na Malindi, kisha mwaka 2008 akaiegesha Likoni chini ya banda la makuti, akisema ataishughulikia baada ya Idi. Idi zimekuja nyingi tangu hapo. Magari haya yaliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, na watu wa rika la mjomba bado wanasimulia Safari Rally ya 1975, Ove Andersson aliposhinda kwa 504, na ya 1978, Jean-Pierre Nicolas aliposhinda kwa ile ya milango miwili yenye silinda sita. Mjomba huyataja majina hayo kana kwamba wenyewe waliwahi kumwazima spana.

Injini haikuwa imeganda, na sifa hiyo ni yake yeye, si yangu. Kabla ya kuliacha gari alifungua plagi zote nne, akamimina oili kidogo katika kila silinda, akazirudisha. Hewa ya chumvi imekula sakafu upande wa dereva na kingo za chini za milango, lakini nilipolizungusha krenki kwa mkono lilizunguka taratibu kama jiwe la kusagia. Nilimwaga petroli ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi, nikasafisha kabureta, nikabadilisha mipira yote ya petroli niliyoiona imepasuka, nikaweka betri. Mipira hiyo ikumbukwe, maana tutairudia.

Siku mbili nzima zilipotea kwa sababu fundi aliyenisaidia kupanga waya za plagi amezoea Toyota, akahesabu silinda ya kwanza kutoka kwenye rejeta. Kwenye injini hii silinda ya kwanza iko nyuma, upande wa klachi. Mpangilio wa kuwaka ni ule ule wa 1-3-4-2, ila ukianzia upande usiofaa utapata mlio wa bunduki kwenye kabureta, na nyusi zako zitapungua. Baada ya kulisahihisha hilo gari likawaka, na jirani wote wakajua limewaka.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Uani gari liliunguruma kwa saa nzima bila tatizo. Mjini, kutoka Tudor hadi Makupa, kuzunguka Mwembe Tayari na kurudi, lilikwenda vizuri hata nikaanza kulionyesha kwa watu. Lakini kila nilipovuka kwenda Changamwe na kuendelea hadi Miritini, kisha nikaanza kuupanda mlima, nguvu zilipungua kidogo kidogo, gari likaanza kujikwaa, likazima. Nikisubiri dakika kama 10, liliwaka kana kwamba hapakutokea jambo, likanibeba mita mia chache, likazima tena. Kurudi, kwa kuwa ni mteremko, halikuzima hata mara moja.

Kila fundi niliyemweleza alinijibu kabla sijamaliza sentensi: koili, yaani kile kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche. Siwalaumu, kwa sababu koili inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa hutoa dalili hizi hizi. Nikanunua koili. Gari likazima palepale. Nikanunua kondensa, mwenzake pointi katika kutengeneza cheche, na ile ya kwanza ilikuwa mbovu ikiwa bado kwenye karatasi yake, jambo ambalo lilinipa siku moja ya furaha ya uongo nilipoibadilisha kwa nyingine na uani mlio ukawa laini zaidi. Nikaweka pointi mpya, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili, na kupima nafasi yake kwa kibamba cha milimita 0.4, si kwa kipande cha pakiti ya sigara kama ilivyo desturi ya wengi wetu. Mlima wa Mazeras haukujali. Nilitembea na plagi ya akiba ndani ya gari, na mara gari lilipozima niliichomeka kwenye waya, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikamwomba mpwa wangu apige stata. Cheche ilikuwa ya buluu, nene, yenye sauti. Gari lililokufa kwa kukosa moto haliwezi kuwa na cheche ya namna hiyo, nami nilipaswa kufanya jaribio hilo kabla ya kununua koili.

Kwa hiyo ikabaki petroli. Niliweka filta ya plastiki inayoonyesha ndani, karibu na pampu, na safari iliyofuata nilisimama mara tu gari lilipoanza kujikwaa, nikafungua boneti. Filta ilikuwa tupu, ina kijiko kimoja cha petroli chini na mapovu yakipita. Hapo nilijiona daktari. Nilifungua pampu, nikaweka diafram mpya na kusafisha vali zake. Filta ikawa tupu palepale mlimani. Nilifungua kifuniko cha tangi nikitarajia kusikia hewa ikivutwa, kwa kuwa kifuniko kilichoziba tundu lake la hewa nacho huliua gari namna hii. Hakikuvuta chochote. Nililishusha tangi, nikatia kokoto na siki, na watoto wa jirani wakaliviringisha uani alasiri mbili kwa malipo ya soda. Kutu iliyotoka ilijaza kikopo cha maziwa, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimefika. Nilikwenda Mazeras nikiwa nimevaa shati safi. Nilirudi nikiwa nimevutwa kwa kamba.

Kisha nikafanya jaribio lililonipotosha zaidi ya yote. Nilichukua kompresa, nikapuliza hewa kutoka upande wa pampu hadi kwenye tangi, kupitia bomba lote la chuma na vipande vyake vya mpira. Hewa ilipita bila kipingamizi, na mpwa wangu aliyekuwa nyuma alisikia mapovu yakichemka ndani ya tangi. Nikaandika daftarini, kwa wino: bomba ni safi. Kwa muda wa wiki tatu sikuligusa tena, kwa sababu maandishi yangu mwenyewe yalinikataza.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Jomvu, ambaye hakushika hata bisibisi. Aliniuliza, "Mwanangu, pampu yako inapuliza au inavuta?" Nilimjibu kwamba inavuta, kwa kuwa iko kwenye injini na tangi liko nyuma. Akasema, "Basi wewe mbona unapuliza?" Akaendelea kunywa kahawa yake.

Nilikwenda nyumbani nikilifikiria swali hilo, na badala ya kufungua kitu kingine niliamua kulikata tatizo vipande viwili. Nilifunga dumu la lita tano juu ya kariya ya paa, nikashusha mpira kutoka kwenye dumu hadi kwenye pampu, nikaliacha tangi nje ya kazi kabisa. Sishauri mtu kufanya hivi. Nilikuwa na kizimamoto miguuni na mpwa wangu akitufuata kwa pikipiki akiwa na cha pili, na bado mke wangu alipoambiwa baadaye hakusema nami hadi magharibi. Pale Changamwe mtu mmoja aliyesimama kando ya barabara aliwaita wenzake waje waone gari lililotundikiwa dripu. Lakini mgonjwa alipona. Tulipanda Mazeras mara mbili mfululizo, kwa gia ya tatu, filta ikiwa imejaa hadi juu.

Maana yake ni kwamba kabureta, pampu na umeme vyote vilikuwa vizima, na ugonjwa uko kati ya pampu na tangi, yaani katika sehemu ile niliyoiandika kwa wino. Nilirudisha bomba, nikaunganisha geji ya kupima mvuto kabla ya pampu, nikaipitisha dirishani ili niisome nikiendesha. Hapa niseme neno kuhusu vifaa. Kuna watu wananunua mashine za kusoma kompyuta za magari, na kwa magari yao ni sawa, lakini kwa injini yenye kabureta geji ya mvuto ndicho kifaa kinachozungumza zaidi kwa bei ndogo zaidi, na yangu niliipata ikiwa imetumika, kioo chake kimepasuka. Mjini mshale ulicheza karibu na sufuri. Kuanzia Miritini ulianza kupanda, na mlimani, sekunde chache kabla ya gari kujikwaa, ulifika inchi 9 za zebaki, kipimo cha nguvu ya mvuto. Pampu ilikuwa ikivuta kwa nguvu zake zote, na kitu kilikuwa kimemshika koo. Gari lilipozima, mshale ulirudi polepole, na uliporudi chini petroli ilitiririka tena ndani ya filta mbele ya macho yangu. Zile dakika 10 za kusubiri hazikuwa za kupoza kitu chochote.

Nyuma, juu ya ekseli, kuna kipande kifupi cha mpira kinachounganisha tangi na bomba la chuma, nacho kinapita karibu na bomba la sailensa. Nilikuwa nimekibadilisha mwenyewe wiki ya kwanza, na kwa kuwa kilikuwa kipya sikuwahi kukishuku. Kwa nje kilionekana kizuri, cheusi, kinang'aa. Nilipokibonyeza kwa vidole viwili kilikuwa laini. Nilikipasua kwa wembe kutoka mwisho hadi mwisho, na ndani ukuta ulikuwa umevimba na kulegea kama nyama ya dafu changa. Nikaukwangua kwa kucha na ukatoka. Ulikuwa mpira wa maji. Nilipokuwa nikinunua vipande vile niliishiwa na mpira wa petroli, nikachukua nilichokipata kwenye rafu, unene sawasawa, nikajiambia nitakibadilisha baadaye. Petroli iliulainisha, joto la sailensa likaulainisha zaidi, na injini ilipotaka petroli nyingi mlimani mvuto ukaukunja ndani ukajiziba. Ukipuliza, unafunguka. Ukivuta, unafumba.

Nimeweka mpira ulioandikwa SAE J30 R7 ubavuni, alama ya mpira wa petroli, na sasa nasoma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa. Vilevile nimetupa zile klampu zenye matundu ambayo skrubu hushikia, kwa sababu mpira hujipenyeza kwenye matundu na kukatika. Zile za ukanda laini ni ghali kidogo, lakini hazitafuni. Geji nimeiacha dirishani kwa wiki moja, ingawa haina kazi tena. Napenda kuuona mshale ukilala.

Kazi iliyokuwa ikifuata kwenye orodha ni breki za nyuma, na ni kweli kwamba silinda ndogo ya upande wa kushoto inalowesha gurudumu kidogo, na ni kweli kwamba sitaliendesha gari umbali mrefu kabla ya kuishughulikia. Hata hivyo, Jumamosi ile nilipokuwa nikishuka kutoka Mazeras bila wasiwasi wa kuzima, kwa mara ya kwanza nilipata nafasi ya kuusikia mkono wa gia, na unacheza kama mwiko ndani ya sufuria. Bushi za viungo vyake, vile vipete vinavyozuia viungo kuchezacheza, zimekwisha. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna kiwanja kizima cha mpira. Za dukani sijazipata. Lakini nailoni nyeupe, ile ngumu, ndiyo inayofaa kabisa, na fundi wa leithi kule Shimanzi amekubali kuzichonga akipelekewa kipande chenye unene wa milimita 20. Nimepima kila kitu kilichomo nyumbani. Ubao wa plastiki wa kukatia samaki una milimita 21. Mke wangu ameuliza mara mbili uko wapi.