Vitabu ninavyopendekeza visomwe kwa jozi

Kila ninapoombwa kupendekeza vitabu huona tabu kutaja kimoja kimoja, kwa sababu vile vilivyonikaa moyoni zaidi vilinijia viwili viwili: riwaya na, kando yake, kitabu cha mambo ya kweli kinachogusa jambo lile lile. Wapo wasomaji wa riwaya wasiofungua kamwe tawasifu wala historia, na wapo wengine wanaojivunia kwamba hawapotezi wakati kwa hadithi za kubuni. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikisoma kwa jozi, na leo nataka kuzieleza baadhi yake, kwa kuwa naamini kila upande unamnyima msomaji kitu ambacho upande wa pili unacho.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, pamoja na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyeongoza misafara ya bara, aliyoyasimulia kwa maneno yake mwenyewe katika miaka ya mwisho ya uhai wake, kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Tippu Tip anasimulia kama mfanyabiashara anayepekua daftari lake: nani alimkopesha mali, pembe kiasi gani zilipatikana, mtawala gani alisimama dhidi yake na vita vikaishaje. Kiswahili chake ni kikavu na chenye kasi, nacho kinavutia mno, na humo ndimo hatari ilimo, maana msomaji huburutwa na ushujaa wa msimulizi huku wapagazi na watumwa wakipita kando kama sehemu ya hesabu. Gurnah anachukua dunia hiyo hiyo ya misafara na kumweka ndani yake Yusuf, mtoto wa miaka 12 ambaye baba yake amemtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, na ambaye hata hajui kwamba ametolewa. Mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Ni kijana mwenzake wa dukani, Khalil, anayemfumbua macho. Nashauri kuanza na Peponi, kisha kumfuata Tippu Tip, kwani baada ya kukaa na Yusuf kwa kurasa zote zile, huwezi tena kusoma habari za frasila (kipimo cha zamani cha uzito) za pembe bila kujiuliza zilibebwa na nani, na huyo aliyezibeba alitoka kwa baba gani. Lakini pia kinyume chake ni kweli: bila Tippu Tip, mtu anaweza kudhani kwamba Gurnah ameongeza chumvi, kumbe ndimi za waliohusika zilikwisha kuyasema mambo makubwa kuliko hayo pasipo hata kusitasita.

Shaaban Robert anaweza kusomwa kwa jozi yeye mwenyewe na nafsi yake. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini tunamkuta mtumishi mvumilivu wa serikali ya kikoloni, mume anayemlilia mkewe Amina, na mzazi anayewaandikia watoto wake tenzi za mawaidha. Adabu haimtoki hata anapoeleza dhiki. Halafu fungua Kusadikika, hadithi ya nchi ya kubuni inayoelea hewani, iliyotoka mwaka 1951 wakati Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, umsikilize Karama kizimbani. Ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi yao manufaa, wakarudi wakiwa na hazina ya maarifa, wakaambulia kifungo. Nilipovisoma vitabu hivi kwa kufuatana ndipo nilipotambua ukubwa wa mashtaka aliyokuwa nayo moyoni yule mtumishi mpole, na jinsi nchi ile inayoelea hewani ilivyompa mahali pa kuyatamkia. Wengi hukutana na Kusadikika katika umri wa mitihani na kuiacha hapo. Nawasihi wairudie wakiwa watu wazima.

Jozi ya tatu huenda ikawashangaza baadhi yenu: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Utendi huu ni ushairi, lakini nauhesabu miongoni mwa maandishi ya mambo ya kweli kwa sababu ni wosia wa mama halisi, aliye mgonjwa na anayejua kwamba siku zake si nyingi, kwa binti yake. Sikubaliani na kila anachomwagiza kuhusu kumtii mume, wala simtaraji msichana wa leo aupokee wote. Ninachokistahi ni kwamba mama huyu anamketisha mwanawe na kusema naye kwa kirefu, kwa upole, kuhusu maisha yanayomngoja. Rosa, msichana wa Ukerewe, hakubahatika kupata hilo. Baba yake, Zakaria, anamchapa kwa ajili ya barua ya mvulana na kumlinda kama mali, asimweleze lolote, na msichana anapofika mahali ambapo baba hayupo, hana neno hata moja la kujikingia. Riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani, uamuzi ambao kwangu uliendeleza kosa lile lile la Zakaria, kwa kuwanyamazisha waliohitaji zaidi kuzungumziwa. Kwa anayetaka kumjua Kezilahabi, aanzie hapa, na Nagona, riwaya yake nyingine iliyo ngumu zaidi, aiweke kwa baadaye.

Kuhusu vifungo na vizuizi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa vitabu vyenyewe ni vizito na sishauri visomwe kwa mfululizo. Haini ya Adam Shafi inaingia katika mahabusu ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Mau Mau Kizuizini ni ushuhuda wa Josiah Mwangi Kariuki, aliyepitishwa katika kambi 14 kati ya mwaka 1953 na 1960. Katikati ya viwili hivyo ningeweka Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyaandika kwa siri alipokuwa amefungwa nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi? Hapo mipaka ya kubuni na kushuhudia inakuwa myembamba sana.

Mwisho kipo kitabu ambacho sijakipatia mwenzake. Ni Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner, ambacho chanzo chake ni kazi aliyoifanya na wanakijiji wa milimani huko Meksiko, kisha kikaenea katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Watu hukiweka nyumbani kama kifaa, wakakitafuta mtoto anapoharisha. Mimi nakipendekeza kisomwe pia kama maandishi, tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu ni nadra kukuta mwandishi anayemheshimu msomaji wake kiasi hiki: anaeleza kwa nini mwili unaopoteza maji uko hatarini, anaonyesha jinsi ya kuchanganya maji, sukari na chumvi, na anaamini kwamba mtu asiye na shahada anaweza kuelewa yote mawili. Natafuta riwaya ya Kiswahili inayomweka mkunga, mganga wa zahanati au muuguzi wa kijijini katikati ya hadithi, akiwa na mashaka na maamuzi yake, ili nivisome viwili hivyo pamoja. Anayeijua, tafadhali anitajie jina lake na la mwandishi.