Okota ganda kwanza

Jumamosi mbili mfululizo nimepanda matatu ya mapema kutoka Umoja hadi mjini Nairobi, nikaunganisha nyingine ya kwenda upande wa Kiambu, kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Ni baridi ya Julai, ile ya jua kujificha hadi saa sita. Mkobani nilikuwa na tochi ndogo, brashi ya shaba, vipande vya flaneli na kopo tupu la mafuta ya kupikia. Kopo ndilo kifaa changu kikuu. La kutilia maganda, yale makopo madogo ya shaba yanayobaki risasi ikishapigwa.

Nilifanya kazi ya ufundi wa silaha kikosini kwa miaka 19, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na G3, bunduki ya kijeshi, mezani. Baada ya kila zoezi, maganda yaliokotwa yakahesabiwa moja baada ya jingine, na hesabu ilipopungua hakuna aliyekwenda kula. G3 hurusha ganda mbali, kwa hiyo tulitambaa nyasini tukitafuta. Mikono yangu ilishika maelfu ya maganda kabla sijafundishwa kufungua bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kutoa ganda, na nikaanza kuona kwamba hayafanani. Hili lilikuwa na mikwaruzo, lile lilikuwa limebonyea mdomoni, jingine ukingo wa kitako chake ulikuwa umeng'oka kidogo. Mwalimu wangu alipogundua kwamba nayapanga badala ya kuyamwaga tu kwenye gunia, ndipo aliponiita ghalani.

Sasa nimestaafu, na wenye bunduki za michezo huniita zinapowasumbua. Kanuni yangu wanaijua: naiangalia bunduki pale uwanjani, mwenyewe akiwepo na kibali chake kikiwepo. Siibebi nyumbani. Kubadilisha vipuri nawaachia wauzaji wenye leseni, kwa sababu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, si ya kuchezewa.

Aliyeniita safari hii ni daktari wa meno mwenye kliniki Ngara. Ana bunduki ya risasi ndogo za .22, nusu otomatiki, yaani inajipakia yenyewe kila ukipiga, ya kulengea shabaha tu. Ilikuwa ikikwama mara mbili tatu katika kila magazini ya risasi kumi. "Mama, nimejaribu kila kitu," akaniambia. Na kweli alikuwa amejaribu. Mmoja alimwambia aongeze mafuta, akaongeza. Mwingine akamwambia springi ya bolti imechoka, akawekewa nyingine ngumu zaidi. Wa tatu akamshauri anunue risasi za mwendo wa chini, zisizo na kelele nyingi, eti ni laini kwa bunduki. Yote hayo katika mwezi mmoja.

Hapo ndipo roho yangu huuma. Kila mmoja wa hao watatu aliitazama bunduki, na hakuna aliyeinama.

Nilimwomba apige kama kawaida nami nisimame nyuma yake upande wa kulia, nitazame maganda tu. Yalikuwa yakidondoka miguuni mwake. Lundo dogo karibu na kiatu cha kulia, kama maganda ya njugu. Bunduki ya .22 yenye afya hutupa ganda mita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Ganda linapodondoka miguuni, bolti hairudi nyuma hadi mwisho.

Wengi wa wenye bunduki hizi hawajawahi kuelezwa kwa nini. Bunduki nyingi ndogo za .22 za aina hii hazina bomba la gesi wala bolti inayofungwa kwa kitasa. Baruti ikiwaka, gesi inasukuma risasi mbele na inasukuma ganda nyuma, na ganda ndilo linaloisukuma bolti. Uzito wa bolti na springi yake ndivyo pekee vinavyoizuia. Kwa hiyo mambo yote yako kwenye mizani. Ukiweka springi ngumu, umeongeza upande mmoja. Ukitia risasi dhaifu, umepunguza upande wa pili. Ukimwagia mafuta mazito asubuhi ya Julai, umeongeza tena ule wa kwanza. Daktari alikuwa ameilemea mizani mara tatu, na kila mara kwa ushauri wa mtu aliyemtakia mema.

Katika magazini ya pili bunduki ikakwama. Kabla ya jambo lolote: mtutu uelekee kwenye shabaha, kidole nje ya triga, magazini itoke kwanza, ndipo bolti ivutwe. Nimeona watu wazima wakivuta bolti magazini ikiwa ndani, wakidhani wametoa risasi, kumbe wameingiza nyingine.

Ndani tulikuta ganda tupu limebaki chembani, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na risasi mpya ikisukuma mgongo wake. Nilimulika tochi, tukalitoa ganda taratibu kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu. Nikamwonyesha ukingo. Pale inaposhika ndoano ya bolti, ile ya kuvutia ganda nje, palikuwa na jeraha, shaba imechimbika. Hilo ni jibu zuri. Ukingo ukiwa mzima, bila alama, maana yake ndoano haikushika: ina uchafu chini yake au springi yake imelegea. Ukingo ukiwa umejeruhiwa, ndoano ilishika ikavuta kwa nguvu zake zote, ila ganda lilikataa kutoka. Basi usiiguse ndoano. Tatizo liko chembani.

"Kwani chemba si nimeisafisha?" akauliza. Alikuwa amepitisha flaneli kwenye mtutu kila wiki. Lakini chemba ni pana kidogo kuliko mtutu, hivyo flaneli inayobana kwenye mtutu hupita chembani ikigusagusa tu. Na risasi za .22 hupakwa nta kwa nje. Nta hiyo, masizi ya baruti na chembechembe za madini ya risasi (lugha yetu imeyaita madini hayo na chuma cha kuulia kwa jina moja) hukaa pale mbele ya chemba, zikapikwa na joto hadi zikawa pete ngumu. Nilimpa tochi atazame mwenyewe. Akatoa miwani yake ya kukuzia, ile anayofanyia kazi mdomoni mwa watu, akainama. Akakaa kimya kidogo. "Huu ni ugaga," akasema.

Sijawahi kupata neno bora. Ni ugaga kabisa, na kama ule wa meno, hautoki kwa kufutwa. Nilizungusha brashi ya shaba chembani kwa mkono, pamoja na kiyeyushi, nikaacha dakika kumi, nikarudia, halafu nikakausha mpaka flaneli ikatoka nyeupe. Nasisitiza kukausha. Mafuta yakibaki chembani hukamata masizi ya risasi ya kwanza na kuwa uji. Kwenye bunduki hii tone moja moja kwenye njia ya bolti linatosha, na chembani pakavu.

(Mwenye G3 au jamaa zake asitishwe na mistari myeusi kwenye ganda. Chemba ya G3 imechongwa mifereji 12 ili gesi ipite kandokando ya ganda na kuliachia. Mistari hiyo ni ya kawaida. Cha kutisha ni mistari ikipotea upande mmoja, maana mifereji imejaa masizi.)

Hatukufanya kingine siku hiyo. Nilimwambia muuzaji wake mwenye leseni amrudishie springi ya zamani bundukini, na risasi zile za mwendo wa chini aziweke kando. Alitaka pia kununua ndoano mpya "ili tuwe na uhakika". Nilikataa kabisa. Ukibadilisha vitu vitatu na bunduki ikapona, hujui kilichoiponya, na siku itakapougua tena utaanza mwanzo.

Jumamosi iliyofuata maganda yalikuwa yanaruka vizuri, mita mbili kulia, yakiangukia karibu mahali pamoja. Risasi 30 bila ganda kubaki chembani. Nilifurahi mapema mno, kwa sababu kwenye ya 34 triga ililia "ka" na kukawa kimya.

Sauti hiyo haina mjadala. Unabaki umeelekeza mtutu kwenye shabaha na unahesabu hadi 30, kwani fataki ya kuwashia baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na kama ungesikia mlio dhaifu usio wa kawaida, usingepiga tena mpaka uhakikishe mtutu hauna risasi iliyonasa. Tulihesabu. Tukafungua. Chemba ilikuwa tupu: bolti ilikuwa imepita juu ya risasi bila kuichukua.

Safari hii Daktari alinitangulia. Alikwenda kutafuta ganda la 33, akalikuta pamoja na wenzake, mita mbili kulia. Kwa hiyo bolti ilirudi nyuma yote. Lingekuwa miguuni, tungerudi kwenye mizani. Liliporuka vizuri, bunduki ilikuwa imefanya kazi yake. Aliyechelewa ni magazini, hakuinua risasi kwa wakati.

Ana magazini tatu zinazofanana kama mapacha, na hakuwahi kuzitofautisha. Akatoa rangi ya kucha mkobani, akaziandika 1, 2 na 3. Tulipiga kila moja mara nne. Namba 1 na 3 hazikukosea. Namba 2 ilikosa mara tatu, na mojawapo risasi iligonga ukingo wa chemba, pua yake ikapinda.

Kibao kinachosukuma risasi kilikuwa kinapanda kwa kusitasita. Ndani mlikuwa na mafuta yaleyale aliyoshauriwa kuongeza. Yalichuruzika humo yakachanganyika na nta. Tuliifungua, tukaifuta ikakauka, na haikupakwa tena chochote. Magazini haitaki mafuta. Baada ya hapo ilikosa mara moja tu katika risasi 40, tena ni ile ya kupinda pua. Tulipoilinganisha na namba 1 chini ya miwani yake, kati ya midomo yake miwili ya juu inayoshikilia risasi, mmoja ulikuwa umefunguka kuliko mwingine, pengine iliwahi kuangukia sakafu ya saruji.

Kuna mafundi wanaokunja midomo hiyo kwa koleo. Mimi pia nilifanya hivyo nilipokuwa mdogo kazini, hadi magazini niliyoinyoosha ikapasuka mkononi mwa mwenzangu katikati ya zoezi. Sikunji tena. Namba 2 sasa ina msalaba mwekundu na itatumika kwa mazoezi ya kupakia tu, kwa risasi bandia zisizo na baruti.

Jioni, tukingoja gari lake lipate joto, aliniomba lile ganda la kwanza, lenye jeraha ukingoni. Nikamtolea koponi. Akalifunga kwenye pamba, akalitia kwenye kijaluba chake cha sindano, na kuniambia Jumamosi ijayo nije na kopo jingine: kuna jirani yake wa mstari wa pili pale uwanjani ambaye juzi ameongezewa mafuta.