TB ya mtoto: choo cha harage moja na mizani ya kila wiki

Mtoto wa miaka miwili hatemi makohozi, anayameza. Kumpa mama kikopo na kumwambia alete ya asubuhi ni kumsumbua bure. Kuyavuta tumboni kwa mpira wa puani kunawezekana, ila mtoto ashinde saa 4 au zaidi bila kula, na muuguzi awe na mkono mzoefu. Ndiyo maana choo ni mkombozi kwa hospitali zetu za wilaya: bakteria waliomezwa hutokea huko, na GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya bakteria wa TB, huwanasa.

Kinachoharibu kipimo ni wingi. Gramu 0.8 zinatosha, kama harage moja kubwa. Kitie moja kwa moja kwenye chupa ya dawa ya mililita 8 inayokuja na kateriji (kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine), tikisa kwa nguvu nusu dakika, acha dakika 10, tikisa tena, acha 10 nyingine mashapo yatuame. Vuta mililita 2 za juu tu. Ukivuta na mashapo, mashine inagoma katikati na kateriji imekwenda, nazo tunajua zinavyopatikana kwa shida.

Jibu likiwa hasi, usimruhusu mtoto kwa furaha. Bakteria wa mtoto ni wachache, kipimo huwakosa mara nyingi. Kama anaishi na mgonjwa wa TB, kikohozi kimepita wiki mbili na amoksilini haikufua dafu, uzito haupandi ingawa anakula, anza dawa. Picha ya kifua isaidie, isikucheleweshe. Nayo ipigwe ya mbele na ya ubavu, maana mtoto aliyejipinda hutoa "tezi" zisizokuwepo.

Kidonge cha watoto kinachoyeyuka kina rifampisini 75, isoniazidi 50 na pirazinamidi 150 (miligramu). Kilo 4 hadi 7 ni kimoja, 8 hadi 11 viwili, 12 hadi 15 vitatu, 16 hadi 24 vinne. Ethambutoli ya 100 huongezwa kwa idadi ileile. Kiyeyushwe kwenye maji safi, kinywewe ndani ya dakika 10. Baada ya miezi miwili, rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. TB ya uti wa mgongo ni miezi 12. Mwenye VVU anayetumia dolutegraviri (dawa ya kufubaza VVU) aipate mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini huimaliza haraka mwilini.

Kosa linalojirudia wodini ni uzito wa siku ya kulazwa. Mtoto wa utapiamlo aliingia na kilo 7.2, maziwa ya lishe yakamfikisha 8.3, kadi bado inasomeka kidonge kimoja. Anatakiwa viwili. Pima kila wiki, na anayepima ndiye asahihishe kadi hapohapo.

Kuhusu chanzo cha maambukizi, mama akiulizwa nani anakohoa nyumbani hutaja baba. Uliza pia bibi, na dada wa kazi.