Saa Yangu Ilibaki Colorado

Marekani nilikwenda kumwona dada na wapwa zangu, sikwenda kujifunza habari za malori. Malori nayajua. Nimezaliwa Makambako, baba aliendesha semi kati ya Dar na Tunduma mpaka mgongo ukagoma, na utotoni nililala kwa mlio wa breki za upepo. Shemeji aliponiambia nipande naye kutoka Colorado mpaka Kansas City, nikajua naenda kukaa kwenye kiti kizuri nikitazama mashamba. Kiti kilikuwa kizuri, hilo sibishi.

Kwanza kampuni yake ilibidi initolee kibali cha maandishi. Kule hupandi lori kienyeji, ukalipungia mkono pale mizani na kumpa utingo elfu tano. Utingo wenyewe hawapo. Dereva yuko peke yake na simu yake.

Mji wa Greeley, huko huko Colorado, unausikia kwa pua kabla hujauona, kwa ajili ya mazizi ya kunenepeshea ng'ombe. Tulitakiwa kupakia nyama saa nne asubuhi, tukafika saa tatu na nusu. Shemeji akapewa namba ya mlango, akalirudisha tela kinyumenyume mpaka likagusa mpira wa ukutani, tukatulia. Pembeni ya mlango kuna taa. Ikiwa nyekundu, huondoki. Ikafika saa sita. Saa nane. Taa nyekundu. Nikamuuliza kwa nini hashuki kuwauliza.

"Shem, nikiuliza sana nitawekwa nyuma."

Mbele yake kulikuwa na kile kifaa cha kuhesabu saa, ambacho sheria imewalazimisha madereva wengi wa safari ndefu kuwa nacho tangu Desemba 2017. Zamani waliandika kitabuni kwa kalamu, na kalamu, anasema shemeji, ilikuwa na huruma. Hesabu ni hii: ukishaanza kazi una saa 14, na ndani yake unaruhusiwa kuendesha 11 tu. Zikiisha, unapumzika saa 10 mfululizo. Zile 14 hazijali kwamba umekaa kwenye foleni ya mtu. Sisi tulianza saa tatu asubuhi. Taa ilipogeuka kijani ilikuwa saa kumi jioni. Saa saba zimeliwa na gurudumu halijazunguka, na shemeji analipwa kwa maili.

Hakuna aliyetuomba radhi. Karani alisukuma karatasi dirishani bila kuinua macho, na kwenye karatasi palikuwa pameandikwa mzigo uwe Kansas City kesho yake saa saba mchana. Ni zaidi ya maili 600, kama kilomita 1,000.

Kuhusu njia sina mengi. Kansas ni tambarare kama Usangu, ila Usangu iliyonyooshwa kwa rula, halafu upepo. Upepo ulilisukuma tela pembeni mpaka nikashika mlango kwa mikono miwili, shemeji akacheka. Nilishangaa pia kwamba lori lao mwisho wake ni pauni 80,000, yaani tani 36 hivi. Kwetu lori lenye ekseli saba linaruhusiwa mpaka tani 56, tena linapanda mlima wa Kitonga. Nilimwambia hivyo kwa majivuno. Akanijibu kwamba tani hazijawahi kumkosesha usingizi.

Saa nne na nusu usiku tukaingia mji wa Hays kutafuta pa kulala. Hapakuwa na nafasi. Tulizunguka uwanja wa kuegeshea malori mara mbili, malori yamepangana kama meno, mengine yameziba hata njia ya kutokea. Kifaa kinahesabu kurudi nyuma. Kuna sehemu chache za kulipia, mtu anaweka akiba kwa simu, nazo zilikuwa zimekwisha. Tukakimbilia Russell, maili 25 mbele. Shemeji hakusema neno njia nzima, na ni mtu wa maneno. Tuliegesha kwenye bega la njia ya kuchepukia, nyuma ya malori mengine matatu, zikiwa zimebaki dakika 7. Pale polisi angeweza kutupiga faini. Mkia wa lori letu ulikuwa karibu na barabara kiasi kwamba kila gari lililopita lilitutikisa kitandani.

Asubuhi nilikoga kwenye kituo cha mafuta kwa dola 16. Kama shilingi 40,000, kwa maji na taulo. Nasema tu.

Saa za mapumziko zilipotimia tukaondoka. Mimi nikawa nachungulia saa yangu ya mkononi na kumtia moyo: "Shemeji, tunafika vizuri kabisa." Yeye anaguna. Tulipoingia getini Kansas City saa yangu ilisema saba na dakika kumi. Nikafurahi. Dakika kumi ni nini?

Yule mama wa dirishani akasema tumechelewa saa moja na dakika kumi.

Nikataka kubishana, nikamwonyesha mkono wangu kupitia kioo. Shemeji akanivuta shati. Usiku, baada tu ya Goodland, tulikuwa tumevuka mstari ambapo saa za huku zinasogea mbele kwa saa nzima. Simu yake ilibadilika yenyewe. Saa yangu ilibaki Colorado.

"Nafasi yenu amepewa mwingine. Subirini, tukipata mwanya tutawaita."

"Nilicheleweshwa kupakia saa sita," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.

"Hilo muulize aliyekupakia."

Tuliitwa saa tano usiku. Toka saa nane mchana tulikaa kwenye ule uwanja wa zege. Choo cha ndani si cha madereva. Chetu ni kile kibanda cha plastiki kwenye kona, sitakieleza. Kushuka bila fulana ya kung'aa hairuhusiwi, na fulana ni moja, kwa hiyo tulipokezana. Friji la tela likinguruma nyuma ya vichwa vyetu. Shemeji akanieleza kwamba kwa kawaida, ghala likikushikilia zaidi ya saa mbili, kampuni inaweza kudai malipo ya kusubiri, na dereva akaonja kidogo. Ila ukifika umechelewa, haki hiyo imekufa. Malipo ya muda wa ziada nayo hayamhusu. Sheria ya mwaka 1938 iliyowapa wafanyakazi wengine iliwaacha nje madereva kama yeye. Halafu wapakuaji wa kukodi wakataka dola 180 kwa kupakua nyama ambayo si yetu, kwenye ghala ambalo si letu.

Nikamkumbuka baba. Foleni ya mpakani Tunduma ikirudi mpaka Mpemba, alikuwa analala chini ya tela siku nne, tano. Na bosi anapiga simu, uko wapi, uko wapi, siwezi kusema kwetu hakuna presha. Lakini baba alirudi na habari za foleni: nani kamla nani kwenye bao, mama ntilie gani anakopesha, utingo yupi kaoa huko huko. Hapa malori arobaini yalikuwa yamesimama uwanja mmoja na sikuona madereva wawili wakizungumza. Kila mmoja kafunga pazia.

Tulimaliza kupakuliwa saa saba na nusu usiku. Shemeji hana tena saa za kuendesha, lakini mlinzi akagonga mlango kwa tochi: uwanjani hakulalwi. Kuna ruhusa ya kusogea mpaka mahali salama pa karibu, basi tukatoka hivyo, lori tupu, mitaa ya maghala gizani, tunachungulia kila kichochoro.

Simu ikalia. Mzigo mwingine, kupakia saa nne asubuhi. Shemeji akahesabu kwa vidole juu ya usukani, akahesabu tena.

"Shem, saa yako inasema ngapi?"

"Sita na nusu."

"Basi leo tutumie ya kwako."