Herufi zikigeuka namba kwenye laptopu

Hapa Mwanza, laptopu nzima kabisa hupelekwa kwa fundi eti "kibodi imekufa". Ukibonyeza J, K, L zikatoka 1, 2, 3, na U, I, O zikatoka 4, 5, 6, ujue Num Lock, yaani hali ya kuandika namba, imewashwa. Laptopu ndogo haina safu ya namba pembeni, ndiyo maana namba zimebebeshwa herufi. Shikilia kitufe cha Fn, bonyeza kitufe chenye maandishi NumLk, mara nyingi kiko juu upande wa kulia, kisha achia vyote. Tafadhali, usikubali kuuziwa kibodi mpya kabla ya kujaribu hilo!

Maneno ya mbele yakifutika unapoandika, bonyeza kitufe cha Insert mara moja. F5 ikipunguza mwanga badala ya kupakia ukurasa upya, jaribu Fn pamoja na Esc. Laptopu nyingi za Lenovo na Dell hufungua na kufunga Fn hivyo, na F5 ikarudia kazi yake ya kawaida.