Usiku wa mtoto mwenye moyo uliochoka: ninavyoiandaa nyumba

Watoto wengi ninaowafuata nyumbani kwa huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wenye ugonjwa mzito, wana vali, ile milango ya moyo inayopitisha damu, zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye koo lisilotibiwa. Kwao shida kubwa ni usiku. Mtoto akilala chali, maji yaliyojikusanya miguuni mchana hurudi kwenye damu, mapafu yanajaa, naye anaamka akihema. Ndiyo maana naanzia kitandani.

Mito ikirundikwa chini ya kichwa peke yake, kidevu huinamia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Mimi nainua mgongo mzima kuanzia kiunoni: kiti cha mbao kinapinduliwa, egemeo lake linakuwa mteremko, juu yake blanketi na mto. Kanga iliyoviringishwa chini ya magoti inamzuia asiteleze. Akizidiwa, akae ameinamia mbele, mikono juu ya mto uliowekwa mezani, na mtu ampepee usoni kwa kipepeo cha ukindu. Upepo ukigusa mashavu na pua, hisia ya kukosa hewa hupungua kweli. Jiko la mkaa litoke chumba hicho kabisa. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo inayomfanya awe wa bluu, akibanwa ghafla, mkunje magoti hadi kifuani na umtulize. Kilio kinamwongezea kubanwa.

Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, natoa asubuhi, na dozi ya pili isipite saa nane mchana, la sivyo usiku kucha ni haja ndogo. Mama huniambia, "Sista, dawa imezoea mwili." Dawa ikionekana haifanyi kazi tena, mara nyingi ni kwa sababu utumbo nao umevimba, kidonge hakifyonzwi vizuri. Hapo daktari aongeze dozi au abadili njia ya kuitoa, na mama asiongeze mwenyewe. Ili tugundue mapema kwamba maji yanaongezeka, mtoto anapimwa uzito kila asubuhi, mzani uleule, baada ya kukojoa na kabla ya uji. Uzito ukipanda siku mbili tatu mfululizo ilhali mtoto hajala vizuri, hayo ni maji.

Chumvi hushikilia maji mwilini, nayo inajificha kwenye ng'onda, dagaa wa chumvi na vidonge vya mchuzi. Kosa jingine ni la upendo: madafu. Yana potasiamu nyingi, na mtoto anayetumia dawa za moyo za spironolaktoni pamoja na enalaprili tayari potasiamu yake iko hatarini kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara 5 au 6, kwa sababu tumbo lililojaa linasukuma mapafu.

Maumivu chini ya mbavu za kulia hutokana na ini lililovimba. Parasetamoli inafaa, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6. Ibuprofeni na diklofenaki naziondoa nyumbani, maana zinazuia figo kutoa chumvi na maji.

Kwa kuhema kusikotulia, daktari huandika mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ambayo pia hutuliza kuhema, kwa kawaida nusu ya dozi ya maumivu au chini yake. Mtoto wa kilo 15 aliyevuka mwaka mmoja anaweza kuanzishiwa miligramu 1.5 kila saa 4, au kila saa 6 figo zikiwa dhaifu. Ukali wa chupa ndio unaonitisha. Ipo yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5, na ipo yenye 50 ndani ya mililita hizohizo. Kijiko kilekile kinakuwa mara 10. Kijiko natupilia mbali, natumia bomba la sindano lisilo na sindano na kubandika utepe kwenye mstari wa dozi. Dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyohiyo, maana kujikamua chooni kunauchosha moyo. Mtoto akisinzia asiamshike, dozi isimame na nipigiwe simu.

Sindano ya penisilini ya kila mwezi, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, inahitaji uangalifu wake. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watoto wenye vali mbovu sana au moyo uliofeli wapewe vidonge badala yake, kwani mshtuko wa kuchomwa sindano unaweza kuuangusha moyo.

Kabla sijaondoka, wazazi na bibi nawaeleza bila kuficha kwamba kifo cha moyo huweza kuja ghafla, hata siku mtoto amecheza. Tunakubaliana nani atapigiwa simu kwanza, na kama mtoto atakimbizwa hospitali au atabaki kitandani kwake. Mofini inayobaki inarudishwa hospitali siku chache baada ya msiba, isihifadhiwe kwa ajili ya tumbo la mdogo wake.